Kabla Hujawasha Chenso

"Kaka, mteja kasema ruhusa ipo. Nikate?"

Ujumbe wa namna hii hunifikia karibu kila mwezi, na aghalabu huja Jumamosi asubuhi, gari likiwa limeshaegeshwa kwa mteja na mashine ya kusaga matawi inanguruma. Leo ni kijana wa Mombasa aliyeko Reading, kesho ni mama wa Bukavu ambaye mumewe ana kampuni ndogo ya kupogoa miti huko Leicester. Wote huuliza lile lile, na wote hutaka jibu kabla chai haijapoa. Nimeona niliandike mara moja, kwa kirefu, nikitegemea miaka kumi na moja niliyoning'inia kwenye kamba na mara mbili nilizoitwa na kaunsili kujieleza.

Ninayoyasema hapa ni ya England. Wales, Uskoti na Ireland ya Kaskazini zina amri za jamii hii hii, lakini muda, fomu na adhabu zinatofautiana. Ukivuka mpaka, uliza upya.

Aliyekulia Pemba ataelewa upesi. Mkarafuu haukatwi hivi hivi, hata kama aliyeupanda ni babu yako mwenyewe. England wazo ni hilo hilo, ila kinacholindwa ni sura ya mtaa. Kaunsili ikiona mti unawafaa wapita njia kwa uzuri wake, inaweza kuuwekea amri ya kulinda mti chini ya sheria ya mipango ya mwaka 1990. Baada ya hapo huruhusiwi kuukata, kuupogoa, kuukata mizizi wala kuudhuru kwa makusudi bila kibali cha maandishi. Mwenye kiwanja naye amefungwa na amri hiyo. Na wewe uliyeitwa kwa siku moja tu, vile vile.

Msumeno ulikuwa mkononi mwa nani?

Swali hili ndilo la kwanza atakalokuuliza mpelelezi wa kaunsili.

Mwaka 1980 kulikuwa na kesi iliyohusu kaunsili ya Maidstone, ambayo kila mkata miti angepaswa kuijua kabla ya kununua chenso. Fundi aliangusha mwaloni uliolindwa baada ya kuambiwa kwamba ruhusa imetolewa. Aliamini kwa moyo safi. Mahakama ikasema kwamba kutojua hakumwokoi: kama mti ulilindwa na wewe umeukata, kosa limetimia. Kwa hiyo ile kauli ya "mteja kasema ruhusa ipo" haina uzito wowote mbele ya hakimu, isipokuwa pengine katika kupunguziwa adhabu.

Adhabu zenyewe:

- Kuangusha, kung'oa au kuharibu mti kwa namna inayoweza kuuua: faini isiyo na kikomo. Zamani mahakama ya mahakimu iliishia pauni 20,000, lakini tangu Machi 2015 dari hilo limeondolewa.
- Kupogoa bila ruhusa pasipo kuua mti: hadi pauni 2,500.
- Aliyesababisha au kuruhusu kazi ifanyike naye anaweza kushtakiwa. Maana yake mteja anaweza kusimama pembeni yako kizimbani. Hakai badala yako.

Mahakama hutazama pia faida iliyopatikana. Mwenye nyumba mmoja wa Poole, mji wa pwani ya kusini, alisababisha msonobari wa jirani yake ukatwe ili mandhari ya bahari ifunguke. Alitozwa faini ya pauni 75,000, kisha akanyang'anywa nyingine 50,000 kwa sababu nyumba yake ilikuwa imepanda thamani. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufaa iliiacha adhabu hiyo kama ilivyo. Mteja anapokuambia "nitakulipa mara mbili, hawatajua," fikiria kwa nini yuko tayari kulipa mara mbili.

Hakikisha mwenyewe, na upate maandishi

Hii ni kazi ya dakika ishirini. Usimwachie mteja, wala mtoto wa mteja aliye hodari wa intaneti.

1. Fungua ramani ya miti kwenye tovuti ya kaunsili ya eneo hilo. Kaunsili nyingi zinayo, lakini si zote zinaisasisha. Ramani ikionyesha amri, amini. Isipoonyesha kitu, usiamini bado.
2. Andika barua pepe kwa idara ya mipango. Taja anwani kamili na postikodi, taja mti wenyewe, bandika picha na mchoro mdogo. Uliza mambo matatu kwa pamoja: Je, kuna amri ya kulinda mti? Je, nyumba iko ndani ya eneo la hifadhi, yaani mtaa ambao sura yake ya kale inalindwa? Je, kuna sharti lolote la kibali cha ujenzi linalogusa miti?
3. Subiri jibu la maandishi. Aliyekujibu kwa simu huenda wiki ijayo akawa likizo, au akasahau.
4. Muulize mteja kama amenunua nyumba karibuni. Amri hizi huandikwa kwenye rejista ya masharti ya ardhi, hivyo zinaweza kuwemo kwenye karatasi alizopewa na mwanasheria wake na ambazo hajawahi kuzisoma.
5. Jibu likiwa limekaa zaidi ya wiki mbili tatu, uliza tena kabla ya siku ya kazi. Amri mpya huanza kufanya kazi siku ile ile inapotolewa.

Lile swali la tatu watu hulisahau, na kwenye mitaa mipya ndilo huleta balaa. Mjenzi alipopewa kibali aliambiwa aibakize miti fulani. Mnunuzi wa nyumba hajui. Wewe ndiye unayefika na ngazi.

Ukipewa nakala ya amri, tazama herufi. T ni mti mmoja mmoja. G ni kundi. W ni msitu, na hapo kila mti unalindwa, hata mche uliochipua mwaka jana. A ni eneo, na hapa pana mtego. Amri ya eneo hulinda tu miti iliyokuwepo siku ilipotolewa. Kuna amri za aina hii za tangu miaka ya 1950 na 1960 ambazo hazijawahi kupitiwa upya. Mteja atakwambia, "Huu nimeupanda mimi mwaka 1990." Huenda anasema kweli. Lakini nani atahesabu umri wa mti kabla haujaangushwa? Hilo mwachie afisa miti wa kaunsili akuandikie kwamba mti huo haumo. Usiwe wewe wa kuamua.

"Nikiuliza, si nitawaamsha?"

Hili ndilo pingamizi ninalolisikia kuliko yote, na sitalibeza. Ni kweli hutokea. Umeuliza kwa adabu kuhusu mti ambao hauna amri, afisa akaja kuutazama, wiki inayofuata amri ikabandikwa. Mteja anakulaumu kwa kupeleka maneno.

Jibu langu ni la mfukoni. Mti usio na amri na usio ndani ya eneo la hifadhi, kwa kawaida una haki ya kuukata, na kuuliza kama amri ipo si kutangaza kwamba utakata Jumatatu. Uliza hali ya mti tu. Mpango wako hauhitaji kuueleza wakati huo. Lakini kama mti una thamani kiasi kwamba afisa angekimbia kuulinda, basi pia ni mti ambao jirani atampigia simu mara tu atakaposikia chenso. Afisa atafika wakati uko juu, nusu ya matawi yako chini.

Ukishakosa kazi moja kwa kuuliza, umekosa mia tano au elfu moja. Upande wa pili wa mizani nimeshautaja.

Wiki sita na wiki nane

Hapa ndipo mafundi wazoefu hukosea, kwa sababu taratibu mbili zinafanana na ukimya una maana tofauti katika kila moja.

*Eneo la hifadhi, mti hauna amri yake.* Huombi ruhusa, unatoa taarifa. Unaandika utakachofanya, kisha unangoja wiki sita. Kaunsili ina njia moja tu ya kukuzuia, nayo ni kuuwekea mti huo amri. Wiki sita zikipita kimya, unaweza kuendelea, mradi kazi ifanyike ndani ya miaka miwili tangu siku ya taarifa na isizidi ulichoandika.

*Mti wenye amri.* Hapa unaomba kibali. Kaunsili ina wiki nane za kuamua. Zikipita kimya, hujapewa kitu. Ukimya hapa si ruhusa. Unachopata ni haki ya kukata rufaa kwa sababu hawajajibu, au kuendelea kuwasumbua kwa simu. Nimeona mtu akikata mti siku ya hamsini na saba akiwa na kalenda mkononi, akijiona mwanasheria.

Eneo la hifadhi lina msamaha kwa miti midogo: taarifa haihitajiki ikiwa kipenyo cha shina hakizidi mm 75, kikipimwa m 1.5 kutoka ardhini. Kipenyo hakipimiki kirahisi kwa tepu, kwa hiyo pima mzunguko: sm 23 na nusu ndio mpaka. Pima, usikadirie. Mara yangu ya kwanza kuitwa kujieleza ilikuwa kwa sababu ya mcheri niliouona mwembamba. Kisiki kilipopimwa na hesabu kufanywa, ulikuwa umepita mpaka kwa unene wa kidole. Niliambulia barua ya onyo, na bosi aliniita "Milimita" mpaka nilipoacha kazi.

Kuandika ombi lisilorudishwa

Fomu ni moja kwa nchi nzima, inapatikana kwenye tovuti ya Planning Portal, na kuomba ni bure. Mwombaji si lazima awe mwenye mti. Wewe fundi unaweza kuomba kwa niaba ya mteja, na mimi nasema uombe wewe, ulipwe kwa muda wako, kwa sababu maombi yanayoandikwa na wateja hurudishwa.

Hurudishwa kwa nini? Mara nyingi ni haya:

- Maelezo hayapimiki. "Kupunguza mti kwa asilimia 30" haina maana. Asilimia ya nini? Andika urefu wa sasa, urefu utakaobaki, na mita zitakazoondolewa kila upande. "Kupunguza upande wa kusini kwa m 1.5, kubakiza m 4 kutoka shinani" ni lugha ambayo afisa anaweza kuikubali au kuikataa. Fuata viwango vya BS 3998 vya mwaka 2010. Ukivitaja bila kuvisoma, afisa atajua baada ya sentensi mbili.
- Mchoro hauonyeshi mti upi. Weka barabara, nyumba, alama ya mti, na umbali.
- Sababu haina ushahidi. Ukisema mti ni mgonjwa, lazima uambatishe maandishi ya mtaalamu. Ukisema nyumba inatitia kwa sababu ya mizizi, lazima pawe na ripoti ya mhandisi au mpima majengo na ya mtaalamu wa miti. Bila hizo ombi halipokelewi kabisa.
- Jina la mti si sahihi. Ni aibu ndogo, lakini huanza kukuondolea imani.

Kisha ziko sababu ambazo hupokelewa lakini mara chache hushinda zikiwa peke yake: majani kuziba mifereji, kinyesi cha ndege juu ya gari, utomvu, kivuli bustanini, dishi kukosa mawimbi. Kwa afisa hayo ni maisha ya kawaida chini ya mti. Usiyafiche, lakini usiyafanye nguzo. Tafuta kilichopo nyuma yake. Matawi yanagusa paa? Piga picha tofali lililokwaruzwa. Tawi limepasuka? Panda, piga picha ufa ukiwa na rula kando yake.

Na jambo hili liandike kwa wino mwekundu: weka ushahidi wako wote kwenye ombi la kwanza. Sababu yake iko kwenye sehemu ya rufaa.

Afisa miti

Wenzangu wengi humzungumzia afisa miti kama watu wa mwambao walivyokuwa wakimzungumzia mtoza ushuru wa bandarini. Mimi nimekutana nao wa kila aina. Wengi walikuwa mafundi kabla hawajaingia ofisini, na wanajua tofauti ya mti unaooza na mti unaomuudhi mtu. Pia wengi wako peke yao kwa wilaya nzima. Ucheleweshaji unaouona ni meza moja yenye mafaili mengi mno.

Mpigie kabla hujaomba. Mwambie unachokiona, muulize angeridhia nini. Ukitaka kuangusha na yeye hataki, huenda atakubali kuondoa matawi mawili ya upande wa nyumba, na mteja atagundua kwamba hilo ndilo alilohitaji. Mkikutana uwanjani, mwache aseme kwanza. Mkimaliza, andika mliyokubaliana na umtumie siku hiyo hiyo, ukianza kwa kumshukuru.

Usifanye haya:

- Usimtishie kwa mwanasheria katika mazungumzo ya kwanza.
- Usimwambie kwamba mti ni wa hatari kama huamini hivyo. Akipanda akakuta ni mzima, kila ripoti yako ya baadaye itasomwa kwa jicho la pembeni.
- Usitumie picha za mti mwingine. Nacheka, lakini limefanyika.

Wamekataa. Sasa?

Soma sababu ya kukataa mara mbili. Mara nyingi imeandikwa wazi kwamba kazi ndogo zaidi ingekubalika. Basi omba upya, ni bure.

Ukiona wamekosea kweli, una siku 28 tangu kupata uamuzi kukata rufaa. Rufaa huenda kwa wakaguzi wa mipango wa serikali kuu, ofisi yao kuu ikiwa Bristol, nayo haina malipo. Mkaguzi husoma faili, huja kuuona mti, kisha huamua. Katika njia ya kawaida, faili analosoma ni lile la ombi lako la mwanzo. Hutapewa nafasi ya kuongeza ripoti uliyoipata baadaye. Ndiyo maana ya ule wino mwekundu.

Kama mteja amepata hasara kwa sababu ya kukataliwa, anaweza kudai fidia kwa kaunsili ndani ya miezi 12, mradi hasara ifike pauni 500. Kushuka kwa thamani ya nyumba hakuhesabiwi, na hasara ambayo haikuweza kuonekana mapema kutokana na ombi hailipwi. Hapo tena ushahidi wa mwanzo ndio unaobeba mzigo. Dai la namna hii ni la mwanasheria, usilibebe wewe.

Ruhusa ikitoka, isome masharti yote. Kwa kawaida hudumu miaka miwili. Chapisha nakala, iweke ndani ya gari, mpe mpandaji aisome kabla hajafunga mkanda. Ruhusa ya kuondoa matawi matatu haigeuki kuwa manne kwa sababu la nne "lilikuwa linaonekana vibaya".

Mti uliokufa, mti wa hatari

Sheria haikulazimishi kungoja wiki nane huku mti unaegemea chumba cha watoto. Iko misamaha, lakini ni myembamba, na anayeudai msamaha ndiye wa kuuthibitisha.

- Mti uliokufa kabisa: unaweza kuuondoa, lakini ipe kaunsili taarifa ya maandishi ya siku tano za kazi kabla.
- Matawi makavu kwenye mti ulio hai: ondoa, taarifa haihitajiki. Piga picha hata hivyo.
- Hatari ya papo hapo ya madhara makubwa: fanya kinachohitajika kwa haraka, kisha ijulishe kaunsili upesi iwezekanavyo. Kinachohitajika tu. Tawi limekatika, ondoa tawi.

Mara yangu ya pili kuitwa ilitokea hapa. Usiku wa upepo, tawi kuu la mti wa beech lilipasuka juu ya barabara. Tukaliondoa, na hapo tungelikuwa salama. Mwenye nyumba, mzee wa watu, akatusihi tumalize mti mzima kwa kuwa mashine ziko pale na yeye halali. Tukamaliza. Asubuhi hatukuwa na picha hata moja ya shina kabla ya kuliangusha, na vipande vilikuwa vimeshasagwa. Nilihojiwa kwa saa mbili. Kilichotuokoa ni jirani aliyekuwa amepiga video kwa simu, ikionyesha uozo ndani ya shina. Nisingependa maisha yangu yategemee tena simu ya jirani.

Kwa hiyo siku ya dharura:

1. Piga picha za mti mzima, za ufa, na za kinachohatarishwa chini yake, kabla msumeno haujagusa.
2. Piga simu kaunsili, hata usiku. Acha ujumbe wenye saa.
3. Fanya mti uwe salama, kisha simama.
4. Kipande chenye uozo au kuvu kihifadhi, usikisage.
5. Andika barua pepe kabla hujalala.

Mwambie mteja mapema kwamba mti uliolindwa ukiondolewa kwa sababu umekufa au ni wa hatari, mwenye ardhi kwa kawaida analazimika kupanda mwingine mahali pale. Akilisikia hilo kwanza kutoka kwako, hatakudai umrudishie pesa.

Amri mpya imekuja wakati kazi imeshalipiwa

Kwanza, weka msumeno chini. Amri imeshaanza kufanya kazi. Lakini bado haijathibitishwa. Kaunsili ina miezi sita ya kuithibitisha, la sivyo ulinzi huo wa muda unakwisha. Mteja hupewa angalau siku 28 za kuweka pingamizi kwa maandishi.

Pingamizi linalosikilizwa huzungumzia mti: hauonekani kutoka barabarani, una kasoro, ramani imeuweka kwenye kiwanja kisicho chake, aina iliyotajwa siyo. Pingamizi la "hii ni ardhi yangu" linasomwa, linawekwa pembeni. Baada ya amri kuthibitishwa, kilichobaki ni Mahakama Kuu ndani ya wiki sita, na huko huendi kubishana kuhusu uzuri wa mti. Ni uhalali wa kisheria tu.

Kwa upande wako wa biashara, kotesheni yako iwe na mstari unaosema kwamba kazi itasubiri ruhusa na kwamba muda wa kufuatilia unalipwa hata ruhusa ikinyimwa. Wengi wetu tunaona haya kulidai hili. Seremala hafanyi vipimo bure.

Ukishakosea

Umegundua katikati ya kazi kwamba mti ulilindwa. Moyo unadunda. Fanya haya kwa mpangilio huu:

1. Acha. Usikate "kidogo tu ili upendeze".
2. Usiondoe magogo wala kusaga kisiki. Kisiki kilichosagwa haraka husomeka kama kuficha.
3. Kusanya karatasi: barua pepe, kotesheni, ujumbe wa mteja.
4. Mpigie bima yako.
5. Ukialikwa kwenye mahojiano rasmi ya kaunsili, yale yanayoanza kwa onyo kwamba unayosema yanaweza kutumika mahakamani, nenda na mwanasheria. Wanaokualika ni wapole, chai ipo, na kila neno linarekodiwa. Kama Kiingereza cha mahakama kinakupa shida, omba mkalimani wa Kiswahili mapema, wala usione haya.

Usimsingizie msaidizi wa chini. Usiandike upya ujumbe. Na usikubali shauri la mteja kwamba mseme "upepo uliuangusha". Upepo hauachi alama za mnyororo.

Mengine yanayorudi

*Matawi ya jirani yananing'inia kwa mteja wangu. Si ana haki ya kuyakata mpaka kwenye mpaka?* Kwa kawaida anayo. Mti ukiwa na amri, haki hiyo inangoja kibali. Na matawi yaliyokatwa ni mali ya mwenye mti. Muulize kama anayataka kabla hujayapakia.

*Nina kibali cha ujenzi, je, kinatosha?* Kibali kamili kinaruhusu kukata mti ambao ni lazima uondoke ili jengo lililoidhinishwa lijengwe. Kibali cha awali, kisicho na michoro kamili, hakitoshi. Na mti ulio karibu na ujenzi, ambao si lazima uondoke, bado unalindwa, pamoja na mizizi yake. Kanuni ya BS 5837 hupima eneo la mizizi kwa kuzidisha kipenyo cha shina mara 12 na jibu kulifanya nusu kipenyo cha duara. Shina la sm 50 lina duara la m 6 kila upande. Hapo usiegeshe hata lori la kokoto.

*Vipi kuhusu ndege?* Kiota kinachotumika au kinachojengwa hakiguswi, uwe mti una amri au hauna. Msimu mkuu ni Machi hadi Agosti. Popo ni wakali zaidi kisheria: maficho yao yanalindwa hata wakati hawamo. Ukiona tundu lenye madoa meusi mdomoni, simama uite mtaalamu. Ruhusa ya kaunsili haikufuniki katika hili.

*Nikiwa shambani, si bustanini?* Nje ya bustani, kuangusha zaidi ya mita za ujazo 5 katika robo moja ya mwaka kwa kawaida huhitaji leseni ya Forestry Commission, na ukiuza mbao, kikomo ni mita za ujazo 2. Hiyo ni karatasi nyingine kabisa, na ofisi nyingine.

*Mteja kasema nisipokata leo atamwita mwingine.* Mwache amwite. Mpe kadi yako, na usiondoke kabla hujamwonyesha barua ya kaunsili kwenye simu yako, akiwa peke yake, si mbele ya jirani. Yule kijana wa Reading alifanya hivyo. Mwezi uliofuata mteja alimpigia, na sasa wamo wiki ya tano kati ya nane.